Mama Kine na Kizibao cha Upepo

Ulipouliza kwenye barabara yetu pale Katuba nyumba ya Mama Kine iko wapi, watu hawakukuonyesha kwa kidole. Walikuambia utembee polepole na utege sikio. Ukikaribia ukuta wa matofali mekundu ungesikia pu-pu-pu, pu-pu-pu, ukadhani kuna mtu anatwanga sombe, majani ya muhogo. Lakini ndani hakukuwa na kinu wala mchi. Ilikuwa mikono ya mwanamke mmoja mwenye mabega mapana, na kilichokuwa kikipigwa ni mgongo wa mtu.

Mara nyingi mgongo huo ulikuwa wangu.

Jina lake la ubatizo silitaji hapa, na sidhani kama angejali. Kwetu Lubumbashi, kine ni yule mtaalamu wa hospitali asiyetumia sindano wala kisu. Anatibu kwa mikono, kwa mazoezi na kwa maneno mengi. Wengine hunyoosha miguu na viuno. Yeye alikuwa amechagua vifua. Alifanya kazi hospitalini miaka mingi, na alipostaafu wagonjwa walimfuata nyumbani, wakawa wanakaa kwenye benchi la barazani kwake kama wanawake wanaosubiri kusukwa nywele, wakikohoa kwa zamu na kusengenyana.

Mimi nauza samaki. Tangu ujana wangu nawafuata Kasenga, kando ya mto, narudi nao mjini kwa njia ya Kasomeno, nawapanga mezani sokoni. Kati ya safari hizo niliugua kifua kikuu. Nilitibiwa, nikameza dawa zote mpaka mwisho, nikapimwa, nikaambiwa nimepona. Na kweli nilikuwa nimepona. Ila ugonjwa ule ulikuwa umeniachia uharibifu: mirija ya hewa ndani ya mapafu yangu ilikuwa imetanuka na kulegea, na makohozi yakawa yanatuama humo kama maji ya mvua kwenye mashimo ya barabara. Hayakutoka yenyewe. Kila asubuhi nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Sokoni mteja alishika samaki, akanisikia nikikohoa, akamrudisha mezani taratibu na kwenda kwa jirani yangu. Hakuna aliyenitukana. Waliondoka tu, na mimi nilibaki nikiwafukuza nzi.

Daktari aliyenitibu ndiye aliyenielekeza kwa Mama Kine. Siku ya kwanza hakuniuliza nimelalaje wala natoka wapi. Alinigeuza, akaweka sikio mgongoni pangu, akasikiliza huku, akasikiliza kule, kisha akasema kama mtu aliyegundua hazina:

"Eh, mama. Uko na mali mingi mu kifua. Tutatoa yote."

Nilicheka kabla sijajua kama inafaa kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na yeye akanipokea hapo hapo, akanilaza kwenye kitanda chake ambacho upande wa miguu ulikuwa umeinuliwa kwa matofali. Nikawa kichwa chini, miguu juu, nimelalia ubavu kama samaki mwenyewe. Akaanza.

Watu waliosikia kupitia ukutani walidhani anaumiza. Hakuumiza hata kidogo. Alikunja viganja kama mtu anayechota maji, hivyo kilichogonga mgongo kilikuwa zaidi hewa kuliko mkono. Mlio ulikuwa mkubwa, maumivu hayakuwapo. Alianzia chini ya mbavu akapanda, na alipofika mahali penye mzigo alijua, kwa sababu sauti ilibadilika, ikawa nzito kama ya pipa lililojaa. Hapo alikaa. Kisha aliniketisha, akanishikisha kioo kidogo na kuniambia nipulize "haa" kama mtu anayetaka kukifuta kwa kanga. Haa moja, haa ya pili, na jambo ambalo sikuwa na nguvu ya kulileta kwa kukohoa usiku kucha lilipanda lenyewe mpaka kooni.

"Makohozi haina miguu," alikuwa akituambia. "Haiwezi kutembea peke yake. Lazima sisi tuisukume."

Furaha yake ilianzia pale ambapo watu wengine hukunja uso. Alichukua kikombe tulichotemea, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia kama anayesoma gazeti lenye habari njema. Yakiwa meupe alitikisa kichwa kwa heshima. Yakiwa ya njano alisema yamekaa sana, lakini yametoka, asante Mungu. Yakiwa ya kijani aliacha mzaha na kukutuma kwa daktari siku hiyo hiyo, na ole wako asikie hukwenda. Yakiwa mengi, alikupongeza mbele ya benchi zima kana kwamba umejifungua mapacha. Mzee mmoja aliyekuwa ametumia maisha yake yote kwenye kazi ya reli, ambaye sote tulimwita Mzee wa Reli, alikuwa akiniambia kwamba hata siku ya harusi yake hakupongezwa namna ile.

Kitu alichokichukia kuliko ugonjwa ni aibu. Sisi wanawake hasa tulikuwa tumefundishwa kumeza, kugeuza uso, kukoholea kwenye kitambaa na kukikunja haraka. Mama Kine alitunyang'anya vitambaa hivyo mlangoni. Alisema makohozi haiko matusi, hakuna mtu unayemtukana ukiyatoa, na kwamba amewaona watu wengi wanaokufa kwa adabu. Neno hilo, kufa kwa adabu, alilisema bila kutabasamu.

Mara moja nilijisikia nafuu nikaacha kwenda kwake. Ulikuwa msimu mzuri, samaki walikuwa wengi, na nilijiambia nitarudi nikipata nafasi. Baada ya muda kikohozi kikarudi, na wateja wakaanza tena kurudisha samaki mezani. Asubuhi moja nikaona umati wa sokoni unapasuka katikati, na Mama Kine anakuja, joho lake jeupe la hospitali juu ya kitenge, mkoba begani, anapumua kwa hasira. Nilidhani anakuja kunigombeza. Alisimama mbele ya meza yangu, akageuka, akawapa mgongo samaki na kuwatazama wateja.

"Huyu mama alipona," aliwaambia. "Ile kikohozi yake haiambukize muntu. Ni njia ya hewa iliharibika, njo maana anakohoa. Mimi minamushika kila siku, muniangalie, niko mugonjwa?"

Walimwangalia. Hakuwa na dalili ya ugonjwa wowote. Akachagua samaki mkubwa kuliko wote, akamnusa, akanibishia bei mpaka nikashindwa, akaondoka naye akimning'iniza kwa kidole. Wanawake wawili walionunua baada yake wananunua kwangu hadi leo. Jioni ile nilikwenda mwenyewe kujilaza kwenye kitanda cha matofali. Ndipo alipokumbuka kunigombeza, na alinigombeza muda wote wa matibabu, kila pigo na neno lake.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alitukataza moshi wa makaa, akatuamuru tupikie nje, akamfukuza barazani kijana yeyote mwenye sigara. Lakini samaki wa kukaushwa kwa moshi alimpenda kiasi kwamba alisimama juu ya jiko kumpasha, amefumba macho, moshi unampanda puani. Ukimwuliza alisema yeye ni mganga, si mgonjwa. Alitufundisha kuvuta pumzi polepole, kwa utulivu, huku yeye mwenyewe hakuwa na utulivu wa kungoja chai ipoe. Kanisani alifika baada ya mahubiri, kisha akapita katikati mpaka benchi la mbele. Na aliwaogopa kuku. Mwanamke aliyewahi kumrudisha nyuma mlevi kwa kumtazama tu alipanda juu ya kiti jogoo wa jirani alipoingia uani, akakaa huko juu akiendelea kumwelekeza mgonjwa jinsi ya kupumua.

Nadhani ukinzani wake mkubwa ulikuwa huu: yeye aliyetukataza kuficha, alificha. Ulifika wakati nikaona mlio umebadilika. Pu-pu-pu ikawa pu-pu, kimya kidogo, pu. Mwanzoni nilidhani amechoka. Kisha nikaona anamwomba Mzee wa Reli amfungulie chupa ya maji, na nikaona kwamba akimaliza kazi anaingiza mikono ndani ya kitenge chake haraka, kama sisi tulivyokuwa tukificha vitambaa. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na kupinda. Mzee wa Reli ndiye aliyesema, kwa sababu hakujua kunyamaza. Alimwambia mbele ya benchi zima kwamba kama makohozi haiko matusi, basi hata mikono inayouma haiko matusi.

Mama Kine alitoa mikono yake ndani ya kitenge, akaiweka juu ya meza, tukaiona wote. Alisema miaka yote aliyowapiga watu migongo imeanza kudai haki yake, kwamba daktari amempa vidonge, na kwamba hajui atatushika kwa muda gani tena. Hakulia. Sisi ndio tuliolia, na wenye vifua vibovu wakilia pamoja ni kelele kubwa, mpaka akatuamuru tunyamaze tusije tukabanwa na pumzi.

Kuna mwanafunzi wake wa zamani ambaye alikuwa amekwenda kufanya kazi hiyo hiyo ya kine kule Ubelgiji. Habari ilimfikia. Sijui walivyoongea, najua tu kwamba baada ya miezi ya kungoja, siku moja alasiri gari lilisimama mbele ya ukuta mwekundu na kushusha sanduku lililokuwa limepita mipaka na mikono mingi kiasi kwamba kona zake zote zilikuwa zimechakaa. Ndani mlikuwa na mashine yenye ukubwa wa redio ya zamani, mabomba mawili manene laini yenye mikunjo, na kizibao.

Kizibao hicho kilikuwa cha buluu, kizito, chenye vifungo vya kubana mbele, na ndani yake ni kitupu kama mpira. Hospitali moja ya huko ilikuwa imenunua vipya na kuviacha vya zamani. Mama Kine alikizunguka kile kitu. Aliwahi kusoma habari zake, hakuwahi kukiona. Alikuwa kama msichana aliyeletewa kitambaa cha harusi. Alishika bomba, akaliacha, akashika kifungo, akakiacha. Kisha akatuambia hakuna mgonjwa atakayevaa kabla yake.

Alikivaa, akajifunga, akaunganisha mabomba, akabonyeza. Mashine ikanguruma. Kizibao kikajaa upepo, kikambana, na kuanza kumtikisa, haraka sana, mtikisiko mdogo mdogo usiokatika, mpaka mashavu yake na hereni zake vikawa vinacheza. Akafungua kinywa kutueleza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi. Alisikia mwenyewe. Akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ile ile ya kutetemeka, akashika mstari mpaka mwisho, na benchi zima likaanguka kwa kicheko. Majirani walichungulia juu ya ukuta. Mzee wa Reli alipovaa baada yake alifumba macho na kusema yuko kwenye behewa la daraja la tatu, anakwenda Likasi, na tusimshushe mpaka afike.

Alitueleza vizuri, akichora ubaoni kwa chaki mti uliopinduliwa, matawi yake chini. Ndiyo mapafu, alisema. Mashine inasukuma upepo ndani ya kizibao na kuuachia, inasukuma na kuuachia, haraka kuliko mkono wa mtu yeyote, na kifua chote kinatikisika, mbele na nyuma kwa pamoja. Makohozi yaliyoganda kwenye kuta za matawi madogo yanabanduka, yanalainika, yanasogea kuelekea kwenye matawi makubwa, na mwisho yanafika kwenye shina, ambapo mtu ana nguvu ya kuyakohoa.

"Lakini musikie muzuri," alimalizia. "Mashini inaamusha tu. Kutoa njo kazi yako."

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na hofu. Nilikuwa nimezoea mikono yake, nilijua uzito wake. Kizibao kilinibana kama mtu anayenikumbatia kwa nguvu asiyenijua, kisha mtikisiko ukaingia, ukashuka mpaka kiunoni, meno yakagongana. Sikulazwa kichwa chini. Niliketi kwenye kiti kama mama yeyote anayepiga gumzo, wakati mahali fulani ndani yangu, upande wa chini wa kushoto ambako mikono ilikuwa haifiki vizuri, kitu kilianza kujongea. Nilikisikia. Niliinua kidole kumwonyesha. Akazima mashine, akanipa kioo, nikapuliza haa yangu, nikakohoa, na kilichotoka kilikuwa kimekaa humo siku nyingi sana. Tukawasha tena. Tukazima tena, nikakohoa tena. Mara ya mwisho kikombe kilikuwa na mambo ambayo Mama Kine aliyabeba mpaka barazani kuyaonyesha.

Nilivuta pumzi. Ilishuka, ikaendelea kushuka, nikangoja ikwame pale inapokwama kila siku, haikukwama. Wakati huo Mzee wa Reli alikuwa akisimulia tena habari za behewa lake, nikacheka, nikacheka mpaka mwisho wa kicheko, na hakikugeuka kikohozi. Wote barazani waligeuka kunitazama, kwa sababu na wao walikuwa wamesikia.

Tangu siku ile nyumba haikusikika tena kama ya mtu anayetwanga, ilinguruma. Watu walikuja hata wasiohusika. Alikuja mtu aliyekuwa ameanguka kutoka juu ya lori, mbavu zimevunjika, akiwa amesikia kwamba kuna kizibao kinachoponya kifua. Alisihi. Mama Kine alikataa, akamweleza kwamba mbavu zilizovunjika hazitikiswi, na akampeleka yeye mwenyewe hospitalini. Mwanamke mwingine alikuwa anakohoa damu. Naye hakuvalishwa, alitumwa kwa daktari kabla hajakaa. Kwa wengi wetu, hata hivyo, ile mashine ilikuwa sikukuu. Tulipanga zamu kwa kuangalia umeme, kwa sababu katika mtaa wetu umeme huja na kuondoka upendavyo, na ulipokuja watu walikimbia barabarani wakikohoa na kucheka.

Nieleze sasa habari ya harusi.

Katika msimu wa mvua nilipata homa ya mapafu. Nilidhoofika haraka, na dada yangu mdogo akanipeleka hospitalini, nikawekewa dripu na oksijeni ya chupa. Daktari, kijana mpole, alieleza kwamba dawa zimeanza kazi, lakini kifua kimejaa na mimi sina nguvu ya kukohoa. Nisipokitoa kilichomo, alimwambia dada yangu, dawa huenda zisiwahi. Dada yangu alitoka mbio kwenda Katuba. Mama Kine alifika Jumamosi alasiri, mashine ikiwa kwenye kigari cha kusukuma, imefunikwa kwa turubai kwa ajili ya mvua. Yeye na daktari waliongea kidogo pembeni, wakakubaliana. Alinivalisha kizibao. Naikumbuka baridi ya vifungo vyake. Akaunganisha mabomba, akabonyeza, na umeme ukakatika.

Hospitali ilikuwa na jenereta, lakini siku ile ilikuwa inabeba chumba cha upasuaji ambamo mtu alikuwa amelazwa mezani. Daktari alisema hawezi kuchukua hata kidogo kutoka huko, na Mama Kine alisema hata yeye asingechukua. Alianza kunipiga kwa mikono. Nilisikia jinsi ilivyokuwa inamuuma, kwa sababu kila pigo lilifuatwa na pumzi yake. Alipiga, akapumzika, akapiga. Kisha akaacha, akainua kichwa.

"Muziki ile," alimwuliza dada yangu, "inakula kuran ya wapi?"

Kuran kwetu ni umeme, na kweli, kulikuwa na muziki. Nyuma ya ukuta wa hospitali palikuwa na ukumbi, na ndani yake harusi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima lakini magitaa yalikuwa bado yanalia. Mama Kine alitoka. Dada yangu alimfuata, na yaliyotokea huko ndiye aliyenisimulia. Aliingia ukumbini na joho lake lililolowa mvua, akapita katikati ya wacheza dansi kama alivyozoea kupita kanisani, mpaka meza ya mbele, akainama kwa bwana harusi.

"Mwana wangu, Mungu abariki siku yako," alimwambia. "Pale nyuma ya ukuta kuko mama mumoja, pumzi yake iko naisha. Niko na mashini, sina kuran. Unipe yako kidogo."

Jenereta yao ilikuwa ndogo, haikuweza kubeba muziki na mashine kwa pamoja. Bwana harusi aligeuka kumtazama mkewe. Bibi harusi hakungoja aulizwe.

"Bazime muziki," alisema.

Wapiga muziki walizima, wakaunganisha nyaya zao zote ndefu, moja hadi nyingine, wakazipitisha juu ya ukuta na kuziingiza kwa dirisha la wodi yetu, wakizishika juu kwa ufagio zisiguse maji. Mama Kine alichomeka. Mashine ikanguruma, na kizibao kikajaa.

Nakumbuka mtikisiko, na sauti yake karibu na sikio langu. Nilitaka kukohoa mapema, akanizuia.

"Bado. Usipoteze nguvu. Ngoja ifike juu." Mkono wake mmoja, ule uliopinda zaidi, ulikuwa kwenye shina la shingo yangu, unasikiliza. "Bado. Bado kidogo." Akamwashiria daktari azime mashine. "Sasa, mama. Toa."

Nilitoa. Kilikuwa kipande kizito, kirefu, chenye umbo la tawi kama lile alilochora ubaoni, na baada yake hewa iliingia na mlio. Daktari aliangalia kile kifaa cha kupima oksijeni kilichobana kidole changu, akaona namba inapanda, akaanza kucheka peke yake. Kulikuwa na kimya cha ajabu nje. Dada yangu anasema wageni wote wa harusi walikuwa wamesimama nyuma ya ukuta, na nguo zao nzuri, chini ya miavuli, wanangoja. Mama Kine alikwenda dirishani.

"Imetoka," aliwaambia.

Vigelegele vilivyopigwa sijawahi kuvisikia tena, hata kwenye harusi nyingine. Bibi harusi alituma ujumbe kwamba tuendelee na umeme mpaka tumalize, na tuliendelea. Muziki uliporudi, Mama Kine alicheza pale pale katikati ya vitanda, mikono juu. Baadaye ililetwa sahani ya bukari, ugali wetu, na kuku, na nilivyomwona akila niliona kwamba kuku akiwa kwenye sahani hamwogopi.

Nilipona. Yeye alizeeka. Mikono ilipokataa kabisa alimkabidhi mashine kine kijana aliyemfundisha mwenyewe, kwenye kituo cha afya ambako naenda mpaka leo, na asubuhi nafanya haa zangu nyumbani, kwa sababu mirija yangu haitarudi kuwa mipya na lazima niisafishe maisha yangu yote. Mama Kine alihamia Kilwa, si ile ya pwani bali hii yetu ya kando ya ziwa Mweru, kwa binti wa dada yake. Mzee wa Reli alifariki, kwa uzee, kitandani kwake. Benchi lilitawanyika.

Mwaka jana samaki walipungua Kasenga, nikaamua kwenda Kilwa kutafuta. Barabara ni mbaya, lori lilitikisa kifua changu bila malipo. Nilipofika niliuliza nyumba ya Mama Kine nikaambiwa saa hizi hayuko nyumbani, yuko ufukweni anagombana. Nikamkuta. Alikuwa amekaa kwenye kiti chini kwenye majani, mbali na moshi, anawaelekeza wanawake wanaokausha samaki wageuze majiko yao ili upepo upeleke moshi ziwani badala ya vifuani mwao. Wengine walikuwa wameshageuza. Mmoja alikuwa anabisha, na Mama Kine alikuwa anafurahia ubishi huo kuliko utii wa wengine.

Aliniona, akanifungulia mikono. Vidole havikufunguka, lakini mikono ilifunguka. Tulipanda pamoja kwenda nyumbani kwao, kilima kirefu chenye mawe. Binti wa dada yake alikuwa amemshika mkono upande mmoja na mimi upande wa pili. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilimwambia habari za soko, za kituo cha afya, za yule bibi harusi ambaye sasa ana watoto na hununua samaki kwangu na kukataa kupunguziwa bei. Tulikula samaki wa moshi, bila shaka. Akiwa anachambua miba, alisema kwamba siku ile ya harusi aliogopa sana, kwamba alipokuwa anatembea kuelekea ukumbini miguu yake ilikuwa inatetemeka kuliko mashine. Hakuwahi kuniambia. Niliushika mkono wake ule uliopinda, tukakaa hivyo.

Aliniuliza habari za watoto, za barabara, za bei, za mvua. Jambo moja hakuniuliza. Nilingoja alasiri yote. Dereva wa lori alipopiga honi mara ya pili na ikabidi niondoke, nilisimama mlangoni nikamwambia:

"Mama Kine, leo hauniulize kifua?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama ziwa lina maji.

"Tulipanda ile mulima yote," alisema, "na weye njo ulikuwa unasema, tangu chini mupaka juu. Haukusimama hata kidogo. Nikuulize nini?"

Kisha akanisukuma kwa kiwiko nishuke, kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi tena.